Nilivyotumwa Kisiwani Kuona kwa Niaba ya Ssalongo

Nikiikumbuka ile Ijumaa ya Al Wakrah, mwanangu, bado naona haya, ingawa miaka imepita na nywele nilizokuwa nazo siku ile nyingi zimeshaniaga.

Wakati huo nilikuwa askari katika jumba moja la makumbusho hapa Doha. Nyumbani Kakamega niliwaambia kwamba nafanya kazi ya sanaa, na sikusema uongo: nilisimama hatua mbili kutoka kwenye sanaa, kutwa nzima, nikiwaambia watu wasiiguse. Nilikuwa na shahada ya fasihi. Ilinisaidia kusimama kwa huzuni zaidi kuliko wenzangu.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mganda wa Masaka, mtu mzima, ambaye sote tulimwita Ssalongo, kwa kuwa kwao baba wa mapacha huitwa hivyo kwa heshima. Mwaka ule tulilinda vyungu vya mama mmoja Mjapani, mfinyanzi, mkazi wa kisiwa kidogo ambako nyumba kuukuu za kijiji zimegeuzwa kuwa kazi za sanaa. Mgeni akiingia, Ssalongo alininong'oneza, "Huyu sekunde nne." Mgeni akapiga picha, akaondoka kwa tatu. "Nimemheshimu kupita kiasi," akasema Ssalongo. Tulicheka kwa kuuma midomo, maana kamera zilituona.

Maonyesho yalipofungwa, mfinyanzi yule alitaka kumshukuru aliyevitunza vyungu vyake, akamwalika Ssalongo kisiwani, nauli juu yake. Ssalongo akakataa. Presha ya macho ilikuwa imeanza kumnyang'anya uoni, na mkataba wake ulikuwa unaisha. Akaomba nafasi ile nipewe mimi.

"Nenda wewe, ssebo," akaniambia, yaani "bwana" kwa Kiganda. "Kuna nyumba moja ya giza kule. Kaa ndani mpaka mwisho, halafu uje unieleze. Wewe umesoma, maneno hayakusumbui."

Kweli, hayakunisumbua. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Nilifika Novemba. Kwetu mwezi huo ni mvua za vuli. Kule majani hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, na upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa na koti la kuazima na simu yenye chaji. Nikaupiga picha mti, nikajipiga picha chini ya mti, nikatuma, nikasubiri Kakamega ishangae.

Nyumba ya giza ilikuwa ya mbao. Mlangoni alikaa bibi mmoja akimenya matunda. Alituingiza watu wanane, tukipapasa ukuta, akatukalisha kwenye benchi, simu zimezimwa. Hata mkono wangu sikuuona. Baada ya dakika mbili hivi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu: giza ni utupu, utupu ni mwanadamu, na kadhalika. Mwenye shahada haoni taabu kueleza asichokiona. Nikapapasa ukuta, nikatoka. Bibi akanishika mkono wa koti, akatikisa kichwa, akaniambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba bado. Nikainama kistaarabu, kama mtu aliyemwelewa, nikaenda kuangalia simu.

Ijumaa iliyofuata, nikiwa nimesharudi, siku mbili kabla Ssalongo hajarudi kwao kabisa, tulikaa bandarini Al Wakrah, karibu na chumba alichopanga, tukinywa chai ya karak. Nikammiminia falsafa yangu yote. Alisikiliza amefumba macho.

"Na ule mwanga?" akauliza.

"Mwanga upi, Mzee?"

Akafumbua macho. "Yule mama mfinyanzi aliniambia. Ukikaa sana, mbele yako kunatokea mwanga mdogo. Haujawashwa; ulikuwepo tangu ulipoingia. Unainuka, unaufuata kwa miguu yako. Sikukwambia, nisikuharibie."

Nikainamia kikombe changu.

"Ulikaa dakika ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Wewe!" Akacheka, lakini bila furaha. "Miezi minane tunawacheka watu. Kumbe nimemtuma mgeni wa sekunde nne."

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. "Khalas, yatosha. Radhi utaniomba nikishapanda ndege. Sasa niambie kitu kimoja ulichokiona kweli. Kimoja tu. Usiniletee utupu."

Nikatoa simu.

"Weka hiyo chini."

Nikatafuta kichwani, nikakuta pakavu. Mwishowe nikamkumbuka yule bibi. Nikamweleza Ssalongo matunda yale ya rangi ya chungwa, ya ukubwa wa nyanya, kisu kifupi, ganda lililoshuka refu bila kukatika, jinsi alivyoyafunga kwenye kamba na kuyatundika chini ya paa yakaushwe na upepo, na vidole vyake vilivyonata, hata koti la watu likabaki na doa. Ssalongo akauliza kisu alikishikaje. Akauliza kamba zilikuwa ngapi, na kama bibi alijifunga kitambaa kichwani. Mengine nilijibu. Mengine nikasema sijui, na kusema sijui kukanipa nafuu ya ajabu. Chai ikapoa tukiwa bado kwa yule bibi.

Hayo ndiyo aliyorudi nayo Masaka. Mwaka uliofuata alinipigia simu. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini wajukuu zake, alisema, humwomba kila mara awasimulie habari za bibi wa matunda.

Mwanangu, siku hizi nawaona vijana wetu wakifika West Bay na Lusail, wakituma picha za maghorofa kabla hawajayatazama. Siwacheki, haki hiyo niliipoteza. Ninakuomba hivi tu: popote utakapofika, jua yuko mtu aliyebaki ili wewe uende. Mtu huyo hana haja na maelezo yako ya kisomi. Anataka uliyoyaona. Basi kaa mpaka macho yako yazoee, hata kama unadhani umeshaelewa, na hasa kama unadhani umeshaelewa. Na kama hukuona, mwambie hukuona, kisha mpe lile dogo uliloliona kweli.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka, akurudishe kwenu salama, na umkute anayekungoja bado ana hamu ya kukuuliza.