Maandishi Chini ya Uso wa Dewitt

Verlene Tadlock alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika shule ya mashambani huko Alabama, akastaafu bila kuambiwa na mtu kwamba Kiingereza cha kwao hakieleweki. Hilo alilipata kwa watu wa televisheni.

Walikuja mwezi wa Machi kutafuta maisha halisi ya watu wa Kusini mwa Marekani, wakampenda mdogo wake, Dewitt, aliyeishi naye nyumba moja. Dewitt alivua kambare kwa mikono mitupu: anaingiza mkono kwenye shimo la ukingo wa mto, samaki akiung'ata anamvuta. Siku ya kwanza msimamizi wa kipindi, kijana mpole aitwaye Brandt, alimwomba avue meno yake ya bandia. Dewitt akacheka, akayatia mfukoni. Siku ya pili wakaleta kochi lililotoboka na mashine ya kufulia iliyoliwa na kutu, wakaviweka barazani.

"Hivi si vyetu," Verlene alisema.

"Ni mapambo tu, mama. Watazamaji wamezoea kuviona."

"Basi kaviweke barazani kwa mama yako."

Akaliburuta kochi mwenyewe mpaka barabarani, huku mpiga picha akimrekodi. Picha hizo hazikuonyeshwa kamwe. Usiku ule Dewitt alimsihi asimharibie. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kuijali kazi yake. Verlene akakubali kwa shingo upande.

Kipindi kilitoka Septemba. Majirani walikusanyika ukumbi wa kanisa, kila mmoja na sahani yake ya kuku wa kukaanga. Dewitt akatokea kwenye skrini bila meno, akieleza jinsi kambare dume anavyolinda mayai. Chini ya uso wake maneno ya Kiingereza yakaanza kupita. Brandt alipozungumza, hayakupita.

"Dada, wameandika nini pale?" Dewitt aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unayoyasema."

"Kwani sisemi Kiingereza?"

"Unasema. Wao ndio hawataki kukusikia."

Dewitt aliweka sahani chini, akatoka.

Januari Brandt akarudi na wenzake, akitaka waendelee. Verlene alikuwa na maneno yake tayari tangu Septemba, lakini Dewitt alimtangulia mlangoni.

"Watu wanakupenda sana, Dewitt," Brandt alisema.

"Wanampenda mtu wenu mliyemtengeneza. Mimi hamkunionyesha. Ondokeni uwanjani kwetu."

Wakaondoka, lakini hawakwenda mbali. Walianza kubisha hodi nyumba za jirani, wakitafuta mtu mwingine wa kumrekodi. Verlene akawasha gari, akawafuata. Karibu kila aliyefungua mlango aliwahi kukaa darasani kwake. Hakumkataza yeyote, alisimulia tu habari ya meno, kochi na maandishi, kisha akamwambia aamue mwenyewe. Wa mwisho alikuwa Rayleen Coggins, mfuga nyuki, ambaye alikuwa ameshaishika kalamu atie saini mkataba wao. Alimsikiliza mwalimu wake mpaka mwisho, akairudisha karatasi bila saini. Kabla ya saa sita mchana magari yalikuwa yameondoka.

Kipindi bado kinarudiwa majimbo mengine. Mwezi uliopita mtazamaji mmoja aliandika barua kuuliza kama kwao kuna umeme. Verlene alimjibu kurasa nne, akamsahihishia na barua yake kwa wino mwekundu, akairudisha pamoja na jibu.