Mlango wa Tisini

Mume wangu wanamwita Futi. Jina alipewa kazini, likamganda mpaka mwenye nyumba wetu analitumia. Ni kwa sababu ya ile futi ya chuma ya mafundi anayotembea nayo mfukoni. Tukialikwa mahali, hajamaliza kusalimia watu, ameshapima mlango wao. Nimemkanyaga mguu mara ngapi! Hasikii.

Na wala si seremala. Kazi yake ni kubuni tovuti, kwenye kampuni inayowauzia wasafiri vyumba vya hoteli. Anashinda kwenye kiti kinacholia, anasogeza vitufe vya rangi huku na huko, akirudi ananiuliza hiki kikae juu au chini, kana kwamba mimi najua. Ugonjwa wa kupima ulimwanza mama yake alipopatwa na kiharusi.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa safari. Aliuza vitambaa, leo yuko huku, kesho kule, ukimtafuta nyumbani unaambiwa jirani ndiye mwenye ufunguo. Kiharusi kikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, tukamchukua kwetu. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," alisema siku ile anaingia, akacheka peke yake. Kiti kikakwama palepale kwenye mlango wa chumba tulichomwandalia. Futi akaleta fundi, ukuta ukavunjwa, vumbi likaingia mpaka kwenye unga wangu, ukapatikana mlango wa sentimita tisini. Mama akapita bila kugusa popote. Akageuka, akatoka, akaingia tena, kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Futi alilia siku ile. Mimi nilikuwa nafagia.

Basi ndipo akamwendea bosi wake. Alimweleza kwamba kila tovuti ina kile kipicha cha kiti cha magurudumu, hoteli inakibofya na imemaliza, halafu mgonjwa akifika anakuta ngazi na mlinzi mwenye huruma. Yeye alitaka kila hoteli iseme ukweli wake: ngazi zipo au hazipo, na mlango wa choo una upana gani. Alitaka hata aende kupima mwenyewe. Bosi akacheka mpaka akavua miwani, akamwambia wenye hoteli watajaza wenyewe.

Futi akapiga moyo konde. Akabuni kisanduku cha upana wa mlango wa choo ambacho hakirukwi: usipokijaza, huendi mbele. Na ili watu wajue cha kuandika, akaweka mfano ndani yake kwa maandishi ya kijivu: 90. Aliutoa kwenye mlango wa mama yake. Alinionyesha kwa fahari, eti mama sasa yumo ndani ya kazi yake.

Hoteli zikajaza. Tisini, tisini, tisini. Futi alirudi nyumbani anapiga mluzi, akiamini watu wameamka. Mlango wa tisini ni wa kawaida kwa mafundi, kwa hiyo hakushtuka. Nikamtania kwamba haiwezekani mji mzima ukavaa kiatu namba moja. Akasema nina roho ya kwa nini. Nikamwacha, maana furaha ilikuwa haijakaa kwenye uso ule kwa muda mrefu.

Halafu ikapigwa simu. Dada mkubwa wa mama, aliyemlea, alikuwa amelazwa kwenye mji mwingine, na binti yake akasema wazi kwamba anayetaka kumwona asichelewe. Hawakuwa wameonana tangu kiharusi. Kila mmoja alikuwa anangoja apate nafuu ndipo amtembelee mwenzake. Mama alimwita Futi, akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Nipelekeni nikamwone dada yangu," akasema. "Sitawaomba kingine."

Huyo binti anaishi ghorofani, hakuna lifti. Hoteli ilikuwa lazima. Futi akatafuta kwenye tovuti yake mwenyewe iliyo karibu na hospitali, akalipia chumba chenye choo cha tisini. Tulifika mchana, tukaambiwa wagonjwa wanaonwa asubuhi. Haya, si neno. Mlango wa chumba ulitupitisha. Wa choo ukakataa. Magurudumu yakagonga mbao pande zote mbili, na mama alikuwa amejizuia njia nzima.

Futi akatoa futi yake. Sitini na tano. Akapima tena, kana kwamba mbao zingemwonea haya. Tukarudi mapokezi, akauliza kwa upole ni nani aliyejaza. Dada wa mapokezi akajibu ni yeye, na hakuwa na hila hata chembe.

"Pale palikuwa pameandikwa tisini, kaka. Nikajua ndiyo inayotakiwa."

Uso wa Futi sitausahau. Yule dada akajitolea kuita wanaume wawili wambebe mama mpaka chooni. Mama akasema hajawahi kubebwa chooni na mwanamume, wala huyu aliyemzaa hatambeba. Nilijaribu kumwinua mimi, nikashindwa. Mama ni mtu wa mwili, na mimi mgongo wangu si wa kusifiwa. Futi akatoka mbio kwenda hoteli nyingine za jirani, zote zimo kwenye tovuti, zote tisini. Sisi tukabaki mapokezi tunamngoja.

Niliona maji yakishuka chini ya kiti cha mama na kutambaa kwenye vigae. Mgeni mmoja aliyekuwa ameketi karibu akainua begi lake kutoka sakafuni, akalipakata. Hakufanya kwa ubaya. Nilitamani ardhi inimeze mimi badala ya mama.

Futi akarudi jasho linamtoka, futi inaning'inia mkononi. Akatikisa kichwa. Kisha akaona sakafu.

"Nirudisheni nyumbani," mama akasema.

Nilimbembeleza. Nikamwambia nitamwogesha, nitafua, asubuhi itakuwa kama hakukuwa na kitu.

"Dada yangu ndiye aliyenifundisha kujistiri," akasema. "Hataniona hivi."

Nilimwogesha kwa beseni chumbani, na kulipokucha tukarudi, mto wa kiti ukiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mpango ulikuwa Futi atangulie, akapime choo kwa mkono wake, halafu tumpeleke mama upya. Aliomba ruhusa kazini. Kabla hajaondoka, binti akapiga simu tena, safari hii analia. Mama alisikia kila kitu, akaniomba maji ya kunywa.

Kazini Futi aliufuta ule mfano. Hoteli zikaanza kuishia njiani. Zikifika kwenye kisanduku kitupu, zinafunga ukurasa. Wiki haikuisha bosi akaurudisha, akisema tovuti isiyo na hoteli haimsaidii kilema yeyote. Kinachoniuma ni kwamba hakukosea kabisa. Futi bado yuko pale, kwa sababu kuna kodi na kuna watoto. La kuvunda halina ubani.

Juzi mama alimuuliza kwa nini ilikuwa tisini, si nyingine. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaomba Mungu adanganye. Hakudanganya.

"Ni mlango wako, mama."

Mama aliutazama mlango kwa muda, ule uliotutia vumbi mpaka kwenye unga. "Kumbe ni wangu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, urudishie."

Nikaurudishia, yeye ndani, sisi nje. Tangu siku hiyo hatoki, wala haombi kutoka. Futi yetu ipo jikoni, kwenye droo ya vijiko, na mwenyewe akipita mlangoni pa mama anatembea kwa vidole. Nina hasira mimi, lakini sijui nimkasirikie nani. Chakula nampelekea mama humo humo, na kila mara nagonga kwanza.