Bomba Juu ya Kichwa cha Mjomba

Kiwandani nilikoajiriwa kulikuwa na roboti wawili wa kuchomelea matrela, na mimi ndiye niliyekuwa nawahudumia. Nikirudi nyumbani Kibiti sikusema hivyo, nilisema nawaendesha. Ukweli ni kwamba walijiendesha wenyewe ndani ya kibanda cha vioo. Mimi nilipanga vyuma mezani, nikafunga mlango, nikabonyeza kitufe cha kijani, kisha nikasimama nje nimefumbata mikono kama bwana shamba anayekagua mpunga wa watu.

Juu ya ile meza kulikuwa na kofia kubwa ya bati iliyounganishwa na bomba, na feni yenye nguvu ilivuta moshi wote ukaishia kwenye vichujio. Kusafisha vichujio ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa, ingawa kwenye masimulizi yangu haikuwahi kutajwa. Siku za mwanzo bomba lile lilinitia wivu. Roboti hana mapafu, lakini anaondolewa moshi. Mimi mwenye mapafu nilifundishwa kuchomelea na mjomba wangu kando ya barabara ya Kibiti, na kinga yetu pekee ilikuwa pakiti ya maziwa. Mafundi wote hunywa maziwa, ati yanaosha kifua. Sikuwahi kuuliza maziwa yanayokwenda tumboni yanafikaje kifuani, maana nayapenda. Hata kiwandani niliendelea kuyanywa, nikiwa nje ya kioo, mahali ambapo hata harufu ya moshi haikufika.

Mjomba ndiye aliyenilea baba alipofariki. Anachomelea mageti, anaunga mashine za kukoboa mpunga zinazoletwa kutoka Mohoro, na watu wa Salale humletea vyuma vya boti vilivyoliwa na maji ya chumvi. Akichomelea mabomba yaliyopakwa zinki, jioni hutetemeka kwa moshi wake kama mwenye malaria. Akipimwa, malaria haipo, na kesho yake yuko kazini. Mwaka ule kikohozi kilimganda. Daktari alimwambia akae mbali na moshi, naye akanisimulia huku anacheka kwamba daktari hajui kuwa penye moshi ndipo penye kazi. Mimi sikucheka. Niliogopa kumpoteza, na niliogopa sana.

Basi nilipopata likizo nikaamua kumtengenezea bomba. Nilichukua feni ya mashine ya kukoboa iliyokufa, ile inayopeperusha pumba, nikakunja bati kuwa kofia, nikatoboa paa la karakana yake kupitisha bomba. Kofia nikaitundika juu ya meza, katikati kabisa, sawasawa na ya roboti. Majirani walipojaa nikawasha makumbi ya nazi juu ya meza, na moshi ukapanda wima ukamezwa wote. Watu wakapiga makofi. Nikatoa mhadhara kuhusu teknolojia, mrefu kuliko hotuba ya diwani, na mjomba akausikiliza wote amesimama, kofia yake mkononi.

Nikarudi kiwandani nimevimba kichwa. Kila wiki nilimpigia simu, na kila wiki alinijibu kuwa bomba linafanya kazi vizuri sana. Wenzangu wakanichoka kwa habari za bomba langu.

Baada ya miezi miwili nikaenda kumtembelea. Nilimpa shikamoo, akaanza kuitikia, kikohozi kikaikata marahaba katikati. Chini ya meza niliona pakiti za maziwa za siku ile: mbili, wakati zamani alikunywa moja. Aliwasha feni, akashika kinga ya uso, akainamia bawaba ya geti. Hapo nikaliona bomba langu, kwa mara ya kwanza, likiwa na mtu chini yake. Moshi ulitoka kwenye chuma ukapanda, ukaingia nyuma ya kinga, ukapita puani, ukaizunguka kofia yake ya kichwani, ndipo ukaingia kwenye bomba. Haukupotea hata kidogo njiani. Nilinakili kila kitu kutoka kiwandani, nikasahau kuwa kule hakuna mtu anayeinama juu ya meza.

Nikamwomba anipishe. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikainama kama yeye, nikawasha. Sikumaliza hata kijiti kimoja cha kuchomelea. Nilitoka nje nakohoa, machozi yananitiririka, na mjomba akanifuata na pakiti ya maziwa ameshaikata pembe.

Nilipopata pumzi nikamuuliza amejua tangu lini kuwa moshi unampitia usoni.

"Tangu siku ile ya makumbi, ulipoondoka tu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na mimi nilikuwa napiga simu kila wiki.

"Weye ndiye unayeyajua mambo ya kiwandani," akasema. "Miye nikaona kosa ni langu, sijajua kukaa."

Nilitamani anitukane. Mchana ule ule nikaing'oa kofia ya bati nikaishusha, nikaifunga upande wa pili wa meza, usawa wa chuma, ili moshi uvutwe kwa ubavu, mbali na anayechomelea. Safari hii sikuita majirani. Nikachomelea mimi kwanza, mjomba akachuchumaa pembeni kuangalia moshi unaelekea wapi. Uliondoka kwa ubavu, ukanikwepa uso. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kigoda.

Kabla hajashika kinga ya uso aliniuliza kama sasa itabidi nikawahamishie bomba na wale roboti. Nikamwambia hapana, la kwao liko sawa hapo juu, wao hawana kichwa cha kuinamisha.

"Miye ninacho, mjomba," akasema, akainamia geti lake.