Risiti Nilizoirejeshea Benki

Wapo watu hapa mtaa wa Kanamkemer, Lodwar, wanaosimulia kisa hiki kwa namna isiyo sahihi, wakidai kwamba nilitoroka hotelini bila kulipa, na kwa kuwa sivumilii kumbukumbu mbovu, nimeona heri niiandike aibu yangu mwenyewe kama ilivyotokea.

Nilistaafu ukarani wa Serikali baada ya maisha mazima ya kushika masurufu. Asiyeyajua masurufu na aelewe: ni fedha anazopewa mtumishi kabla ya safari, akazitumia kwa kazi, kisha akarejesha risiti, na hesabu ikafungwa. Sikuwahi kupoteza risiti hata moja (waulizeni walionikagua). Basi mwaka wa 2012 benki iliponipa kadi ya mkopo, na kijana mwenye tai akanieleza kwamba nitumie kwanza, hesabu ije mwisho wa mwezi, nilielewa mara moja. Nilinunua mabati, godoro na redio, na kila mwisho wa mwezi nilizibeba risiti zangu, zimebanwa vizuri, hadi benki, ambako binti wa mapokezi alizigonga muhuri wa kupokelewa bila kuzitazama. Barua za kudai malipo zilipokuja, nilizijibu kwa ukali uliostahili, nikiutaja muhuri huo.

Wakati huo mwanangu Emase alikuwa amemposa binti wa Mzee Lokiru, mfanyabiashara wa mbuzi kule Kakuma, na kilikuwa kimebaki kikao kimoja, cha kumwomba mzee huyo apokee sehemu ya mahari sasa na nyingine polepole baada ya harusi, kwani ukame ulikuwa umetupunguzia mifugo. Desturi ilinitaka nipeleke mbuzi wa kuchinjwa nyumbani kwake, na Mama Emase alinikumbusha. Mimi nikaona (hapo ndipo uamuzi mdogo ulipozaa msiba) kwamba mtu wa hadhi yangu hasafiri na mbuzi. Nitawakaribisha wakwe huko huko Kakuma, katika hoteli wanayokula watu wa mashirika, yenye mashine ya kadi.

Nilitarajia watu wanne. Lokiru alikuja na ukoo.

"Ejok," akasalimu, akaketi, nao wakaketi hadi viti vikaazimwa duka la jirani. Walikula nyama, wakala pilau, wakaongeza nyama, nami nikizidi kuwahimiza: "Agizeni, wakwe, sisi hatuhesabu." (Kauli hiyo narudishiwa hadi leo.) Lokiru akalainika, akamwambia kaka yake, "Mtu analisha hivi, hata akibakisha ngamia, ataleta." Moyo wangu ukatulia, nikaitoa kadi.

"Papa, karte inakatala," akasema Mama Neema, Mkongomani aliyeshika pesa pale.

"Ipitishe tena."

"Nimepitisha mara tatu, Papa. Mashine haina mbaya. Za wengine inakubali."

Mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi Lodwar tu. Mtu mwenye busara angemnong'oneza mkewe. Mimi niliipigia benki simu, nikaifungulia sauti yote, ili wakwe wasikie nikiombwa radhi.

"Mzee, kadi imefungwa," ikasema sauti ya binti. "Tangu upewe hujalipa hata mara moja."

"Nimerejesha risiti zote. Zina muhuri wenu."

"Risiti za nini?"

"Za matumizi."

"Yaani, mzee, ulitumia pesa zetu, halafu ukatuletea karatasi za kuonyesha ulizitumia?"

"Huo ndio utaratibu," nikajibu.

Lokiru aliacha kuchokonoa meno. "Mkwe," akasema, "mimi nikikopa ngamia yako nikule, nikuletee kwato, deni imeisha?"

Ukumbi mzima ulicheka, pamoja na meza ambazo sikuzialika, na Mama Emase, ambaye nilimtegemea kwa staha, alijifunika leso mabega yakitikisika. Lokiru akamtuma kaka yake sokoni akauze mbuzi, na chakula nilichowakaribisha kikalipwa na mkaribishwa.

"Chakula si kitu," akaniambia. "Lakini ile maneno ya kubakisha mahari, hapana. Mifugo yote ifike kwangu, ndio msichana atoke."

"Nitakuandikia ahadi."

"Usiandike. Leta."

Emase alisubiri hadi 2013, huku pensheni yangu ikigawanywa kati ya benki na mbuzi. Hakunigombeza; aliniuliza tu kama hakuna aliyenieleza. Nilimjibu kwamba nilielezwa, na kwamba nilielewa. Kuhusu muhuri, msimamo wangu haujabadilika: asiyetaka karatasi asizigonge. Lakini nakiri kwamba deni halifungwi kwa maelezo, na nimeapa kutotia mkono katika fedha ya mkopo kabla sijajua itarudishwa kwa kitu gani na lini.

Chakula cha harusi nilikilipia taslimu kabla moto haujawashwa. Lokiru aliletewa sahani, akaitazama, kisha akanitazama mimi, mbele ya wageni wote.

"Mkwe, hii tukule?"

Nikamwambia ale.