Mguu Usiojua Kukosea

Alihukumiwa kuwa tapeli kwa sababu ya mguu wake. Hakuitwa kujieleza wala hakuulizwa swali. Jumapili moja alasiri aliwasha kompyuta, na pale uliposimama mnara wa mchezoni alioulinda kwa miaka akakuta maandishi mekundu: akaunti imefungwa daima, mchezaji anatumia programu ya kudanganya.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye chumba cha kona kilichojaa vipande vya vitambaa. Vidole vya mkono wake wa kulia viliungua utotoni vikajikunja. Nguo aliziongoza kwa kiganja. Kitindamimba wake alipokwenda kufanya kazi ya uuguzi ng'ambo, simu zao zilikauka zikabaki hujambo, sijambo, umekula, nimekula. Ndipo binti akamwingiza katika mchezo ule wa mtandaoni: mama juu ya mnara akirusha mishale, binti chini akilinda lango, vipokea sauti masikioni. Humo, baina ya mshale na mshale, maneno yaliwatoka. Alisikia habari za mkuu wa wodi mwenye kisirani, na za mchumba aliyeingia mitini.

"Mama, kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!"

"Nimemwona. Usinipigie kelele kama mnadi."

Kwa kuwa vidole vya kulia havikuweza kubofya, na mkono wa kushoto ulikuwa na kazi ya kulenga, jirani yake fundi kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, alichukua kanyagio la cherehani iliyokufa akaliunganisha na kompyuta. Kila mama akikanyaga, mshale mmoja. Hapakuwa na ujanja mwingine.

Sasa Waya aliyasoma maandishi mekundu, akaanza kucheka, akauona uso wa jirani yake, akaacha.

"Shangazi, tatizo ni kwamba unakanyaga kama saa ya ukutani."

"Nakanyaga hivyo tangu sijaolewa."

"Basi ndiyo kosa lenyewe. Zamani programu za wizi zilikuwa zinabofya sawasawa, tik, tik, tik. Wenye mchezo wakatega mtego: anayebofya sawasawa si mtu. We ndo umenasa."

"Na wezi?"

"Wezi washahama kitambo! Programu zao siku hizi zinakosea makusudi. Zinachelewa kidogo, zinatetemeka, zinapiga ukuta. Mtu mtupu!"

Mama aliitikia kwa kichwa. Akaitia uzi sindano ya mashine, ingawa hakuwa na cha kushona.

Aliandika rufaa, akaeleza habari za mkono na kanyagio. Jibu lilikuja chai yake haijapoa: shauri lako limepitiwa kwa makini, uamuzi haubadiliki. Aliyelipitia ni mtambo uleule uliomhukumu. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani.

"Fungua akaunti nyingine," Waya alimshauri, "nikuwekee hiyo programu yao. Itauvuruga mguu wako kidogo, uonekane binadamu."

"Yaani nidanganye ili nisionekane nadanganya."

"Dunia ndo hii, shangazi."

"Na mwanangu je? Nikinaswa tena, watamfungia na yeye. Si tuko kundi moja?"

Waya alijikuna kisogo.

Kwa hiyo mama akajaribu kujifunza kukosea. Alitandika vitambaa chakavu chini ya sindano, akakanyaga haraka, polepole, haraka. Mishono ilikwenda upogo kama njia ya mlevi. Lakini mawazo yalipomchukua tu, mguu ulirudi kwenye mwendo wake, na mshono ukanyooka.

"Huo mguu mbishi kuliko mwenyewe," Waya alisema mlangoni. Mama hakucheka, wala hakukasirika. Alikata uzi.

Jumapili zilizofuata zilikuwa za simu.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Mama alisikia bomba likidondosha maji huko kwa binti yake.

"Pale juu ya mnara nimemweka mtu mwingine," binti alisema hatimaye. "Anakosea kweli kweli."

"Mwambie aangalie kushoto."

"Nitamwambia."

Simu ikakatika. Aliiweka juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi, akaendelea kupinda ukosi wa shati la mteja.

Tarehe 11 Machi 2024 kampuni yenye mchezo ilitangaza kwamba rufaa za watu wenye ulemavu zitasomwa na watu, na akaunti yake ikafunguliwa siku hiyohiyo. Binti yake alikuwa ameshaufuta mchezo tangu Januari.