Maabara Iliyopanda Mkokoteni

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kambarage, mjini, naandika riwaya iliyokataa kwisha, na jioni nikisoma chochote cha kunitoa ndani yake. Ndivyo nilivyoikuta historia ya maabara iliyosafiri tumboni mwa chombo cha anga. Katika miaka ya themanini na tisini wanasayansi walipanda nayo, wakafanya kazi ndani yake kwa zamu, mchana na usiku, bila mavazi mazito, kwa sababu ilijazwa hewa kama chumba chochote. Walikuza fuwele, waliotesha mimea, walichunguza miali ya moto. Safari ikiisha, maabara ilirudi duniani pamoja nao, ikashushwa, ikapangiwa majaribio mengine, ikapanda tena.

Nilimpigia dada yangu simu papo hapo. Alikuwa akifundisha kemia sekondari ya nyumbani kwetu Samuye, na shule mbili za jirani zilikuwa zikitegemea vyombo vyake vichache.

"Dada, maabara si lazima iwe jengo."

"Mwandishi, umekula leo?"

Lakini nilipofika nyumbani Jumamosi, alikuwa ameshamwomba baba mkokoteni wa ng'ombe, tuvipeleke vyombo kwenye shule za jirani.

Ilikuwa Oktoba. Baba alikuwa akisomba samadi kutoka zizini kwenda shambani kabla ya mvua, na kila siku ya mkokoteni ilikuwa na kazi yake. Alitupa safari moja tu. Kikivunjika chombo hata kimoja, samadi inaendelea na hadithi imekwisha. Wiki tatu zilibaki kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, na wanafunzi wa shule tuliyokuwa tunaiendea hawakuwa wameshika bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, hata siku moja.

Tulipanga vyombo kwenye sanduku la mbao na kuvizungushia pamba iliyobaki stoo, ile chafu ambayo mnunuzi aliikataa, mbegu zake zikiwa bado ndani. Baba alisimama akitazama magurudumu.

Katikati ya njia tuliwafungua maksai wanywe maji lamboni. Mimi na dada tukaketi kivulini tukibishana kama huko angani maji humiminika. Tulipogeuka, vichwa viwili vyenye pembe vilikuwa ndani ya sanduku. Malisho yalikuwa yamekauka wilaya nzima, nasi tulikuwa tumewabebesha mbegu za pamba! Walitafuna taratibu, pamba ikining'inia midomoni kama ndevu. Bika zetu nne, vile vikombe vya kioo vya maabara, zilikuwa vipande chini. Bureti tu ilipona.

Tuligeuza njia bila kufika, tukarudi nyumbani.

"Watoto wa mfugaji," baba alisema, "mnawapikia ng'ombe pilau halafu mnawageuzia mgongo. Kesho samadi."

Dada alilia kimya, akihesabu siku kwa vidole. Mimi sikuwa na kitu isipokuwa hadithi, nikaitoa. Nilimwambia baba kwamba safari moja ya maabara ile ilikatishwa, mtambo wa umeme ulipoleta hitilafu, wakarudi na kazi nyingi haijafanyika. Vyombo viliachwa humo humo. Baada ya miezi michache wakapanda tena, wakaimaliza.

"Watu wale wale?"

"Wale wale, wote saba."

"Na rubani?"

"Yule yule."

Baba alikuna kidevu. "Hao walikuwa na rubani. Ninyi mlikuwa na mwandishi." Akaugeukia mkokoteni. "Na mimi nilikuwepo mkipakia. Nikaangalia magurudumu. Tafuteni bika."

Nilipanda basi hadi Geita, kwa mama mmoja mnunuzi wa dhahabu, kwani wanunuzi kama yeye husafisha dhahabu kwa asidi kwenye vyombo kama hivyo.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umeleta mzigo?"

"Sina dhahabu, mama. Natafuta bika za wanafunzi."

Alinitazama, kisha akacheka. "Mimi nimeshika asidi miaka yote bila wa kunifundisha. Chukua nne. Mzioshe mara tatu."

Safari hii tulipakia makapi ya mpunga, ambayo baba aliapa hata mbuzi hayagusi. Alitangulia mbele ya maksai kwa miguu, akiwasemesha Kisukuma kwenye kila shimo. Tulifika na kila kioo kizima!

Msichana wa kwanza alifungua koki taratibu. Tone, tone, tone. Maji ya manjano ndani ya bika yakageuka rangi ya waridi, na darasa likalipuka kwa kelele.

"Nini kimegeuka?" baba aliuliza dirishani.

"Njoo ujaribu, mzee!" wanafunzi walimwita.

Aliingia, akavua kofia. Ile mikono ya kukamua ilidondosha asidi tone moja moja bila haraka, na alipofunga koki, dada alisoma kipimo, akasoma tena.

"Sawasawa na kipimo nilichopata mimi," alisema. Wanafunzi walimpigia baba makofi hadi akakosa pa kutazama.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta akiwafungia punda wawili magunia ya samadi mgongoni. Mkokoteni ulikuwa kando, umesuguliwa hadi mbao zikaonekana rangi yake.

"Na ile shule ya pili ni lini?" aliuliza.