Inadiwe Tena

Kabla dada yangu hajanifundisha biashara, nilikuwa fundi maarufu na maskini. Watu walitoka Engutoto wakavuka mji mpaka Levolosi kutafuta chumba changu cha kupanga. Nilishona magauni ya harusi na ya sendofu, na kifuani nikayatia shanga kwa sindano, punje moja moja, kwa mapambo niliyoyawaza mwenyewe huku nakaanga vitunguu. Sikurudia pambo hata siku moja. Bibi harusi akiingia ukumbini, wanawake walinong'onezana, nani kashona? Mimi niliyeshona nilikuwa nyumbani gizani, umeme umekata na sina hela ya luku.

Ugonjwa wangu ulikuwa ndugu. Kwetu ni Kikwe, na ukoo wetu ukishapata fundi hauoni sababu ya kulipa fundi. Shangazi alileta kitambaa na mkungu wa ndizi. Binamu alileta kitambaa bila ndizi. Shemeji wa binamu alileta picha kwenye simu na ahadi, kitambaa nikanunua mimi. Na kwa kuwa ndugu hasubirishwi, kazi zao zilitangulia, wateja wenye pesa wakachoka kungoja wakaenda kwa mafundi wengine. Mimi nilifikiri huo ndio wema. Nilikuwa nasifiwa sana misibani.

Dada yangu ni mhasibu. Amenitangulia kuzaliwa, amesoma, na anafanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi, katika mji huu ambao mwezi wa saba tunavaa masweta mawili. Siku moja alikuja kwangu akakuta magauni matatu ya ndugu yamening'inia na mimi nakunywa chai kavu. Akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akatazama huku na huku.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe huna biashara. Una huduma ya jamii."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Alinirudia Jumapili iliyofuata, na nyingine, akanifundisha. Bei ya gauni iwe na kitambaa ndani yake, na shanga, na umeme, na kodi ya chumba, na mikono.

"Na mikono?"

"Hasa mikono."

Akanifungulia laini ya simu ya biashara tu, yenye lipa namba, akaniambia hela ikiingia humo si yangu, ni ya duka, na mimi nitalipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, alipenda kusema, na alisema kila Jumapili kana kwamba ameitunga yeye. Halafu ikaja amri kubwa: hakuna cha ndugu. Kila mtu atalipa.

"Shangazi je?"

"Atalipa."

"Mama je?"

Hapo ndipo akacheka. "Hata mama. Ukimfungulia mmoja, ukoo mzima utaingia na ng'ombe wao."

Nilimwambia siwezi. Si kwamba sikuelewa. Kuliko kumtazama shangazi usoni nikamtajia bei, bora nilale njaa. Dada akanishika bega akasema, "Niachie mimi. Wewe shona. Ndugu nitaongea nao mimi, wananisikiliza." Nilimshukuru karibu nilie. Nimelikumbuka lile bega mara nyingi tangu siku ile.

Sitadanganya, amri zake zilifanya kazi. Msimu mmoja wa harusi haukuisha kabla sijahama kile chumba nikapata fremu ya duka karibu na soko la Kilombero, yenye kioo mbele na taa nyeupe. Nilinunua mashine ya overloki. Niliajiri wanawake wawili, na nikajifunza kumwambia bibi harusi "malipo ya awali kwanza" bila sauti kutetemeka. Jumapili dada alipokuja kupitia hesabu nilimpikia machalari ya ndizi yenye nyama nyingi, nikamtengea kipande cha mfupa anachokipenda. Nilimpenda jinsi mtu anavyompenda aliyemwopoa mtoni.

Ndugu walipoa. Kwenye misiba nilikuwa nafika, nasalimia, "Shikamoo shangazi," naitikiwa "Marahaba" fupi kama mtu anayefunga mlango. Wanawake wanaomenya ndizi walikuwa wanajibana kunipa nafasi, halafu hawazungumzi tena. Nikamwambia dada. Akasema watazoea, kila anayeinuka hununiwa. Nikajifariji kwamba wanatununia sote wawili, mimi na yeye, kwa kuwa biashara tuliijenga sote. Sikuuliza mbona yeye hawamnunii.

Kisha wazazi wetu wakatimiza miaka hamsini ya ndoa, na usharika ukapanga jubilei. Nikasema gauni la mama ni langu, na silipwi na mtu. Dada akaweka kalamu chini.

"Sawa," akasema. "Lakini kitu kikitoka bure, hesabu zitakuuliza kimekwenda wapi. Tusivuruge tulichojenga. Nitalilipia mimi, tutampa mama kama zawadi yetu sote wawili."

Niliona ni jambo la kupendeza. Akalipa pale pale kwa lipa namba, simu ikalia, nikamwandikia risiti huku namtania, "Asante mteja, karibu tena."

Nilikwenda Kikwe kumpima mama. Nilimkuta jikoni amekoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando, tukasukuma sufuria pembeni nikampima amesimama kati ya meko na mlango. Alikuwa amepungua kiuno. Nilizungusha futi mara mbili nikidhani nimekosea. Akanyanyua mikono nilipomwambia anyanyue, na mwishoni akauliza kwa sauti ndogo, "Itakuwa bei gani?"

Nilidhani anatania. Mama yangu ni mtani. Nikamjibu, "La kwako ghali, mama, huliwezi." Nikacheka peke yangu, nikakunja futi.

Gauni lile sijashona jingine kama lile. Kitambaa cha rangi ya maziwa, mikono mirefu kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na kwenye kola nikatia majani ya mgomba kwa shanga za kijani, yale majani yaliyopasuliwa na upepo, maana mgomba wa kwetu haukai na jani zima. Vidole viliota sugu. Wale wanawake wangu wawili walitaka kunisaidia nikawakatalia.

Siku ya jubilei mama aliingia kanisani ameshikwa mkono na baba, na nilisikia ule mnong'ono ninaoujua. Moyo wangu ukajaa. Baadaye ukumbini, chakula kilipoisha, mshereheshaji akampa mama kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mume wake, akawashukuru waliopika. Kisha akagusa kola.

"Namshukuru mwanangu mkubwa," akasema. "Gauni hili amelilipia yeye. Amelinunua kwa mdogo wake, ili mimi mama yenu nisiaibike mbele yenu."

Watu wakaguna ule mguno mrefu wa kanisani. Nilimtazama dada. Nilingoja aseme "sote wawili". Maneno mawili tu. Alikuwa anakata nyama kwenye sahani yake vipande vidogo vidogo, na nyama ile ilikuwa laini.

Nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria, shangazi alinifuata. "Umetuuzia sote, tukanyamaza," akasema. "Mpaka mama yako? Undugu ni kufaana, wewe."

Nikamwambia amri haikuwa yangu, ni ya dada. Shangazi akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko hasira. "Mwanangu, usimtie dada yako. Dada yako ametulilia. Kila nilipotaka nguo alisema, ngoja nikamwombe. Anarudi kichwa chini. 'Nimembembeleza, shangazi, amekataa. Tangu apate hela moyo umekuwa mgumu.' Na shilingi zake amekuwa akituongezea, apate kutusitiri."

Basi ndivyo alivyoongea nao. Kila ndugu aliyekuja fremuni kwangu akalipa bila kunitazama, alikuwa ametoka kwa dada yangu amefutwa machozi.

Nilimkamata kwenye gari lake kabla hajaondoka. Hakukana, na hilo nalikumbuka kwa uchungu zaidi. Alifungua kioo akasema kwa utulivu wake wa ofisini, "Nimesema uongo wapi? Sikulipa? Risiti si umeiandika mwenyewe?"

"Umeniuza kwa ndugu zangu."

"Ili duka lisimame, lazima mmoja achukiwe," akasema. "Ulitaka niwe mimi? Mimi ndiye ninayekaa nao vikao vya ukoo. Wewe umepata duka. Kila mtu amepata chake." Akapandisha kioo.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikaa nacho kila Jumapili, nikakipikia machalari.

Wiki ile ile nikarudi Kikwe. Mama alikuwa anapepeta maharage uani. Nikamwambia yote, kuanzia bega mpaka kioo cha gari. Nikamwambia, mama, sikukuuzia, gauni lile lilikuwa zawadi. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Nilikuuliza bei," akasema. "Ukaniambia siliwezi."

"Nilikuwa nakutania, mama."

"Nilikuwa nimeshaambiwa hutanii."

Nikamsaidia kuokota mawe kwenye maharage, tukamaliza ungo mzima. Nilipoaga alisema, "Usimseme dada yako kwa watu. Aliyenivika ni yeye." Nikajua kwamba kilichobaki mkononi mwangu ni kimoja: nimpe lile gauni upya, kwa namna atakayoipokea. Nisipoweza hilo, basi sina mama, nina duka.

Nafasi ikaja Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo watu huleta sadaka ya walichovuna, mikungu, kuku, mahindi, mayai, na ibada ikiisha vinanadiwa nje uwanjani, hela inaingia kwenye mfuko wa usharika. Anayenunua anaweza kubeba, au akasema, "Nampa mchungaji," au "Nampa mama mkwe," na watu wakashangilia. Na anayepewa anaweza kukipokea akakirudisha kwa mnadi aseme, "Inadiwe tena." Hilo ndilo tendo linalosifiwa kuliko yote. Nimeona kuku mmoja akiuzwa mpaka akasinzia.

Baina ya mkungu wa ndizi na debe la mahindi, mnadi akachomoa kitu kwenye kikapu cha mama, akakikunjua juu. Majani yangu ya kijani yakapigwa na jua. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi. Amelileta mavunoni.

Kwanza nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaona, hapa hapa, Mungu amenifungulia. Nikanyoosha mkono. Mwanamke mmoja mgeni, amekuja kutoka Engutoto kutembelea ndugu zake, akapandisha dau. Nikapandisha. Akapandisha. Sikujali, na fedha ile ilikuwa ya mshahara wangu halali, dada asije akasema. Mnadi akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanipa gauni mkononi.

"Unalibeba au unampa mtu?"

"Nampa mama yangu."

Uwanja ulishangilia. Watu wakanifungulia njia, hata shangazi alinisukuma kidogo mgongoni, kwa wema. Baba alisimama. Mama aliinuka kwenye benchi, akalipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akapitisha kidole juu ya kola, jani kwa jani. Nilipiga goti nusu. Nikaona kidole kimetua kwenye jani la mwisho, nikadhani yamekwisha.

Akageuka akamrudishia mnadi.

"Inadiwe tena," akasema.

Vigelegele vilipasuka. Mnadi akapaza sauti, mwoneni mama huyu, uoneni moyo wake! Dada yangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa, anapiga makofi na wenzake. Kila mtu pale aliona sadaka. Mimi na mama tu ndio tuliojua nimekataliwa, na baba, aliyekuwa anatazama viatu vyake. Sikunyoosha mkono tena. Yule mgeni wa Engutoto akalichukua.

Katikati ya wiki mlango wa fremu ukafunguka, akaingia yeye, gauni ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameulizia fundi ni nani, akaelekezwa. Kiuno kinambana, akasema, anaomba nikiachie. Nikalilaza mezani, nikafumua mshono wa kiuno cha mama, ule niliouzungushia futi mara mbili, nikatoa ile akiba ya kitambaa niliyomwachia ndani ili akinenepa nimpanulie. Nikamtajia bei.

"Jamani fundi," akasema akicheka, "nimelinunua sadakani, tena kanisani kwenu. Hunipunguzii?"

"Hapa hatupunguzi, mama," nikamwambia. "Hata mama yangu alilipa."